Kidole cha Mama

Baba alituachia nyumba ya mtaa wa Muhumba na karatasi moja ambayo sisi watoto wanne tuliisoma na hakuna aliyeielewa. Ilisema mama atakaa humo maisha yake yote, na baada yake nyumba itakuwa ya mtoto yule ambaye mama atakuwa amemchagua kwa maandishi.

Papa mudogo, yaani mdogo wake baba, alisema yeye ameielewa. Nyumba ni ya mama, basi mama ampe kijana wake yeye papa mudogo, aliyekuwa anatafuta kuoa. Nilipandisha hasira, na mimi hasira zangu haziko mbali. Tukaenda wote kwa mwanasheria aliyemwandikia baba wosia, mzee wa suti ya abakosti iliyopigwa pasi vizuri.

“Citoyenne,” alimwambia mama, yaani mwananchi, kwa mtindo wa zamani, “nyumba haiko yako. Muzee alikuachia kidole tu. Ule utaonyesha, nyumba inaenda kwake. Huwezi kujionyesha weye mwenyewe, na huwezi kuonyesha mutu wa inje.”

Papa mudogo akajibu kwamba kijana wake si mtu wa nje. Kwetu mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, na kijana huyo alikuwa akimwita baba yangu papa tangu aanze kusema. Ilikuwa kweli tupu. Mwanasheria akarudi kwenye karatasi, akasoma polepole: watoto wanne niliozaa na bibi yangu. Baba alimjua mdogo wake, akatuhesabu mapema. Na mama akifa bila kuchagua, tutagawana sawasawa, wanne katika vyumba vitatu.

Hapo ndipo tulipogeuka watoto wazuri. Kila Jumapili baada ya misa, kaka alileta sambaza mbichi, vile visamaki vya ziwani. Mdogo wetu aliteremka kutoka Lwiro na kikapu cha maparachichi. Dada mkubwa, aliyerudi kutoka Bunyakiri na watoto wake baada ya ndoa kuvunjika, alipika. Mimi nilisugua sakafu kwa nta nyekundu mpaka wageni wakawa wanateleza. Mama akinyoosha kidole kuomba chumvi, meza nzima inakifuata kwa macho.

Miaka miwili ikapita na mama hakuandika neno. Kisha akashikwa na homa wiki nzima, nami nikaona tutabaki kugombania vyumba vitatu. Alipopata nafuu nilimuuliza bila kuzunguka anangoja nini.

“Nikisha chagua,” alisema, “bale batatu bengine batakuya huku kutafuta nini?”

Niliona haya sana. Nilimwambia aandike, hata kama si mimi, nitakuja.

Aliandika wiki ileile, akamchagua dada mkubwa, kwa sababu sisi wengine tulikuwa na pa kulala. Nilikasirika siku tatu, nisidanganye. Sakafu ile niliijua kuliko dada, na magoti yangu ni mashahidi.

Jumapili nikachukua kopo langu la nta nikaenda. Kaka alikuwa amenitangulia na sambaza zake, na mdogo wetu anapandisha njia na kikapu kichwani. Mama alisimama mlangoni, dada nyuma yake, akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka wanne.