Sura Niliyoibadilisha

Nilimdanganya rafiki yangu kwa kutumia kitabu. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma.

Kila Jumamosi mchana, nikimaliza kusahihisha madaftari, nilikuwa nakwenda Nangara, hapa Babati, kwenye kibanda cha rafiki yangu fundi cherehani, na riwaya ya Kiingereza mkononi. Niliinunua kwenye mitumba, Arusha. Ilihusu wanawake wanne Walatino wanaoishi Marekani, ambao wazazi wao walitokea Meksiko na Kolombia. Walipikiana, wakafichana siri, wakanuniana hata mwezi mzima, kisha wakatafutana. Rafiki yangu aliishia darasa la saba na Kiingereza hakukipenda tangu huko, kwa hiyo mimi nilisoma kimya sentensi mbili tatu, halafu nikamweleza kwa Kiswahili huku yeye akikanyaga cherehani. Wateja nao walinogewa. Mama mmoja kutoka Mutuka alikuwa anakuja kuulizia gauni lake akijua fika halijaisha. Alichotaka ni habari za mmoja wa wale wanne, yule mpishi.

Mpishi ndiye aliyempendeza rafiki yangu kuliko wote. Aliishi na mama mkwe, kama yeye. Alimeza maneno mezani, kama yeye. Na sasa alikuwa ameitwa mji wa mbali kusomea mapishi. Tulipofika hapo, rafiki yangu naye alikuwa ameitwa Arusha, mwaka mzima, kwenye karakana ya mbunifu mmoja wa mavazi aliyeziona nguo alizoshona harusini. Alitakiwa kujibu Jumatatu. Mume wake alisema aamue mwenyewe. Mama mkwe, kule nyumbani kwao Sigino, alisema shamba halilimwi kwa mitindo.

Mimi Babati nilikuwa mgeni bado, mwaka wa nne, na zaidi ya yeye sikuwa na mtu wa kumwambia langu. Niliogopa kubaki peke yangu. Basi Jumamosi ile nikafika kwenye ukurasa ambapo mpishi anafunga sanduku, nikaona rafiki yangu ameacha kazi ananitazama, nikasema kwa sauti yangu ile ile ya darasani kwamba mpishi alikataa. Akabaki na wenzake, akafungua mgahawa mdogo, akafurahi.

"Alikataa?"

"Alikataa."

Mama wa Mutuka akaguna. Rafiki yangu alishona upindo mzima, kisha akasema pengine mwanamke yule aliona mbali, na yeye Jumatatu atawaambia hapana.

Jumapili kanisani sikusikia hata neno moja. Nilijiambia ni hadithi tu, hakuna mtu mzima anayeamua maisha yake kwa hadithi. Upuuzi mtupu. Niliibadilisha kwa sababu nilijua itamgeuza.

Jumatatu niliomba ruhusa baada ya kipindi cha kwanza, nikachukua kitabu, nikapanda bodaboda nikimhimiza dereva aongeze mwendo. Nilimkuta ameshika simu, hajapiga. Nikasema yote pale mlangoni bila hata salamu: mpishi aliondoka, mgahawa niliutunga mimi.

Ningefurahi kama angenitukana. Aliweka simu juu ya kitambaa, akavuta kigoda kwa mguu.

"Kaa usome. Kilichoandikwa tu, Mwalimu."

Nikasoma. Mpishi anafunga sanduku. Mama mkwe anajifanya amelala ili asimuage. Rafiki zake watatu wanambebea mizigo mpaka kituoni, mmoja wao analia njia nzima, na bado hauachii mfuko. Sikuwahi kuona aibu kama ile. Ukurasa huo nilikuwa nimeusoma kimya tangu Jumamosi, nikauruka.

"Kwa hiyo walimsindikiza," alisema.

"Walimsindikiza."

Akapiga simu nikiwa pale pale. Alisema shikamoo, akasema atafika wiki ijayo, akashukuru mara mbili. Alipokata alikuwa anatabasamu, lakini siyo kwangu. Akachukua mkasi.

"Ungeniambia unaogopa kubaki mwenyewe, ningekuelewa," alisema. "Hata hilo ulishindwa kuniambia."

Nikamwambia siku ya safari nitakuja kumbebea mizigo. Alikata kitambaa mpaka mwisho, akakikunja, akasema nisijisumbue, atatafuta mtu mwingine.