Theluthi Yangu

Nilifungwa kwa kununua korosho nje ya chama cha ushirika. Nikiwa bado ndani ikaja ruksa, na wanunuzi binafsi wakawa wanazipakia magarini mchana kweupe. Wenzangu gerezani walinicheka hadi wakashika mbavu. Nami nilicheka, maana mfungwa mwenye tabia njema husamehewa theluthi ya kifungo, na yangu ilikaribia.

Kiangazi kile tulikuwa tukiteremka bondeni kuchota maji ya gereza. Siku moja, tukipanda kurudi, tukamkuta mama mjamzito kando ya njia, ndoo yake imemwagika yote. Nikammiminia maji yangu. Jioni mkuu wa gereza akaniita, akanisomea kosa la kugawa mali ya gereza, akasema theluthi imefutwa. Nilipotaka kujieleza akasema, "Toka."

Padri aliyekuja kutusalisha Jumapili aliniona nimenuna.

"Shikamoo, baba," nikamwambia, nikamsimulia.

"Marahaba. Walikusikiliza kabla ya kukuadhibu?"

"Hata neno moja."

"Basi hilo ni la kumpelekea jaji."

Akanitafutia wakili, na Mahakama Kuu ilipokuja kufanya vikao Masasi, nikapelekwa. Mke wangu alikuwa ameteremka kutoka Newala, akalala kwa dada yake Mkomaindo. Nilimkuta amekaa benchi la mbele, amevaa khanga mpya.

Jaji akamwuliza mkuu wa gereza, "Ulipomsomea kosa, alijitetea vipi?"

"Hakujitetea, Mheshimiwa."

"Kwa nini?"

Mkuu akaigeuzageuza kofia mikononi. "Nilimwambia atoke."

Watu wakacheka, na jaji akainama kwenye karatasi zake kuficha tabasamu. Akasema hakuna anayeadhibiwa bila kusikilizwa, hata mfungwa. Adhabu ikafutwa. Theluthi iliporudi, ikaonekana kifungo changu kilikuwa kimekwisha kitambo.

Nje, mkuu akaniita kwenye gari. "Panda. Nguo zako ziko gerezani, hizo ulizovaa ni za serikali."

"Na mimi je?" mke wangu akauliza.

"Na wewe, mama."

Njiani akatununulia mihogo ya kuchoma. Tulikula sote watatu, mke wangu akimweleza mkuu jinsi alivyopata shida kunielewa mimi, tangu uchumba, na mkuu akiitikia kila neno kwa upole.