Mawe ya Mtoni Juu ya Kilima

Tabita wa kijiji cha Ruanda hakuwa mtu wa kuambiwa "haiwezekani" akanyamaza. Mwaka ule wa 1951, Bwana Misitu alipokuja na vigingi vyake vyeupe na kutangaza kwamba njia inayokatiza msituni itafungwa, wanaume waliguna tu wakatazama chini. Tabita akainuka, pamoja na goti lake bovu.

"Hiyo njia ndiyo inayonifikisha kwa binti yangu," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Loisi, mwanawe wa pekee, alikuwa ameolewa ng'ambo ya msitu. Watoto wawili walikuwa wamemfia wakati wa kuzaliwa, mama yake akiwa hayupo, na sasa alikuwa na mimba ya tatu ya miezi saba. Tabita alikuwa mkunga. Kwa njia ya msituni, akitoka alfajiri, saa nne yuko kwa Loisi. Kwa kuzunguka barabara ya Mlowo ni siku mbili. Hebu niambieni, uchungu wa kuzaa unasubiri siku mbili?

Bwana Misitu hakuwa mtu mbaya, ila alipenda ushahidi. Njia iliyochongwa na wezi wa mbao ataifunga, alisema, lakini njia ya zamani ya wenyeji ataiacha. Aonyeshwe alama moja tu.

Watu wakatazamana. Alama ilikuwepo, tena kubwa! Tangu enzi za mababu, kila aliyepanda kilima kile aliokota jiwe kijitoni, akalibeba hadi juu na kulitupa kwenye lundo ili uchovu wake ubaki pale. Lundo lilikuwa limefika kifuani mwa mtu. Kisha ukaja ubatizo, na vijana wa kanisa wakapanda wakiimba, wakalivunja lote. Wa kwanza kulipiga teke alikuwa Tabita mwenyewe.

"Nitakuonyesha, Bwana," alisema. "Kesho asubuhi."

Wakaondoka watatu: yeye, Bwana Misitu, na Rubeni, mlinzi wa msitu, kijana wa kanisa lilelile. Walivuka kijito kwa kukanyaga mawe meusi, laini, kisha wakaanza kupanda. Njia haikuwa ya kutisha, lakini haikuwa ya mchezo pia. Majani makavu ya miyombo yaliteleza, mizizi ilikatiza njiani, na penye miti ya mikusu kulikuwa na mwinuko wa kwanza uliomfanya Bwana Misitu avue kofia. Goti la Tabita lilimchoma kila hatua.

"Mama, pumzika kidogo," alisema Rubeni.

"Nitapumzika Loisi akishajifungua."

Rubeni akasogea karibu, akashusha sauti. "Lakini Mama Loisi, juu hakuna kitu. Lile lundo lilivunjwa. Baba alinisimulia."

"Alikusimulia na aliyelivunja?"

Rubeni akacheka kwa aibu. Kumbe alisimuliwa.

Juu kwenyewe, kweli, hapakuwa na kitu. Miti, majani, na mawe mekundu yenye makali ya kilima kile. Bwana Misitu akazunguka mara moja, akatazama saa yake. Tabita akawaona akilini wale wachanga wawili waliozikwa bila yeye kuwashika. Basi akapiga magoti, hilohilo bovu likiwa la kwanza, akaanza kufukua majani kwa mikono.

Jiwe jekundu. Jekundu tena. Akasogea chini kidogo, walikokuwa wamelisukumia lundo, akachimba hadi kucha zikatoka damu. Likatoka jeusi, laini, la duara. Likatoka la pili. Rubeni akatupa fimbo yake, naye akainama kuchimba. Muda si muda yakawa arobaini na kitu, mengine yamezingirwa na mizizi ya miti minene.

Bwana Misitu alichuchumaa. "Mawe ya mtoni. Huku juu yamefikaje?"

"Kwa mikono ya watu, Bwana. Jiwe moja, mtu mmoja."

Akapapasa mzizi uliokumbatia jiwe. "Na nani aliyatawanya?"

Angeweza kusema mvua. Rubeni alikuwa anamtazama, na Jumapili kanisa zima lingejua kwamba Tabita alipanda kutafuta alichokibomoa.

"Mimi," alisema. "Nilidhani sitayahitaji."

Bwana Misitu akasimama, akatoa daftari, akaandika. Njia ibaki wazi, upana wa hatua mbili, vigingi visogezwe. Tabita alilia palepale, bila kujificha, huku akifuta kucha zake kwenye kitenge.

Ujumbe kwamba Loisi ameshikwa na uchungu ulipomfikia wiki saba baadaye, alipita njia hiyohiyo. Alifika saa nne. Mtoto alitoka kitovu kikiwa kimemzunguka shingoni, na mikono iliyomfungua ilikuwa ya bibi yake. Wa kike, akalia kwa hasira kweli.

Miezi mitatu baadaye Loisi alimleta nyumbani kusalimia ukoo. Siku ya kurudi, Tabita aliwasindikiza hadi kijitoni, akainama, akaokota mawe mawili. Kubwa akampa binti yake. Dogo akalifunga kwenye pindo la mbeleko ya mtoto.

"Mama! Si ulisema haya ni dhambi?"

"Nilisema," alijibu Tabita. "Beba."