Kengele ya Baba Ilipoanza Kulia Hovyo

Kengele niliyoiunda kwa mikono yangu ilianza kulia bila sababu.

Sikuogopa mashetani. Nilijua tu nimekosea waya.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea sebuleni, baba analala chumba cha nyuma. Kiharusi kilimnyang'anya sauti na mkono wa kushoto, wa kulia ukabaki na nguvu za kubahatisha. Tukakubaliana: akifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Cherehani ikinguruma sisikii kitu. Ndiyo maana nilimfuata fundi redio wa mtaani kwetu.

"Dada, chukua hiki." Akanipa kibao chenye chipu, kidogo kuliko kiberiti, bei yake kama kilo mbili za sukari. "Unakipangia kazi kwa kompyuta, kinatii."

"Mimi na kompyuta wapi na wapi?"

"Umeweza kufuata patani ya suti, utashindwa na mistari kumi?"

Siku taa ndogo ya kile kibao ilipowaka na kuzima kwa amri yangu, nilipiga kigelegele peke yangu. Baada ya wiki baba alikuwa na swichi kiganjani, na mimi nina spika ya redio mbovu kando ya cherehani. Akibonyeza, inalia.

Basi ikaanza kulia hovyo. Mara nane, mara kumi kwa siku. Nakimbia na pini mdomoni.

"Baba, una shida?"

Macho mara mbili. Hapana.

Nikarudi kwa fundi nimefura.

"Hizo ni kelele za umeme, waya unajibonyeza wenyewe," akasema. "Andika hivi: mguso usiofika sekunde mbili upuuzwe, uhesabiwe tu."

Nikaandika. Kimya! Jamani, nilijiona injinia. Nikashona sare za shule kwa raha zangu.

Alhamisi mchana nikampelekea baba uji.

Alikuwa sakafuni, shavu kwenye saruji, midomo imekauka. Swichi bado anayo. Kidole gumba kinabonyeza, kinateleza. Kinabonyeza, kinateleza. Hakikuwa na nguvu ya kufikisha sekunde mbili.

Nikapiga yowe. Majirani wakaja tukamwinua.

Alipotulia, nikachomeka kibao kwenye kompyuta. Tangu nilipoiwasha asubuhi ile, programu yangu ilikuwa imempuuza mara arobaini na moja.

Nililia kama mtoto. Halafu nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Baba, zile siku za mwanzo, ulikuwa unabonyeza wewe?"

Macho mara moja.

"Ulitaka tu nije?"

Mara moja. Kisha akageuzia uso ukutani, kama aliyefumaniwa.

Zile sekunde mbili nimezifuta. Kengele inalia mara kumi kwa siku, naacha cherehani, naenda kukaa naye. Sare zinachelewa, wateja wananisema. Waache waseme.

Wewe unayesoma hapa, kabla hujanyamazisha kelele nyumbani kwako, nenda kwanza ukaone nani anaita.