Kimondo Kilichong'oa Mihogo

Kisa hiki alinisimulia shangazi yangu wa kijiji cha Nyarero, siku ya tatu baada ya kimondo kupita. Jioni kilipopita, mpira wa moto ulimulika anga, ukazimikia upande wa shamba lake. Hata shangazi hajaepua ugali, wachimbaji wadogo wa dhahabu wakafika na sururu.

"Shikamoo mama. Jiwe limeanguka hapa."

"Marahaba. Hapo kuna chakula cha wajukuu."

"Tutafukia, mama."

Wakachimba siku mbili, wakapata mihogo michanga tu. Kisha wakaomba wachemshiwe. Shangazi aliwatazama, akafuta mikono kwenye kanga.

"Leteni kuni basi. Hairudi tena ardhini."

Huku kwetu kitu kikiwaka juu, tunachimba chini.

Wote wangali hai. Shangazi sasa ananunua unga wa muhogo mnadani.