Leo nimeingia na muheme kanisani

Leo nimenyamazishwa katikati ya wimbo, kanisa zima likiangalia.

Muheme ni ile ngoma yetu ya Kigogo, wanawake huibana mapajani na kuipiga kwa viganja. Nimetunga wimbo wa kumshukuru Mungu kwa mdundo wake. Miezi mitatu nauombea, naogopa, nauombea tena.

Ubeti wa pili haukuisha. Mzee wa kanisa akasimama.

"Binti, hiyo ni ya unyagoni. Itoe nje."

Kwaya ikakaa. Nikabaki peke yangu na ngoma mapajani, sijui hata nitokeje.

Nje akanifuata Bibi Yuditha, mkongwe kuliko wote hapa Hombolo.

"Shikamoo bibi."

Aliweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma, akakiacha hapo.

"Yangu niliichoma siku niliyobatizwa. Waliniambia Mungu hataki kuisikia."

Akainua uso, akanitazama.

"Wewe mjukuu wangu, ulipoipiga mle ndani, alisikia?"

Nikamwambia ndiyo, bibi, alisikia. Nilidhani namfariji.

Bibi akalia mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

Jamani, nyie mngemjibu nini?