Simu ya Soksini, Mpakani Abu Samra

Ndugu zangu wa Muheza, ile picha ya mpaka mliyonisifia mpaka shemeji akaionyesha msikitini, leo nawasimulia nilivyoipata. Mkimaliza kusoma mtaifuta wenyewe. Mie shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikizunguka mnivumilie, nitafika tu.

Kilichonipeleka ni mdomo wangu. Pale Muaither, hapa Doha, kwenye nyumba tunayokaa walinzi, nilikuwa nikiwapigia wenzangu hadithi za ujanani, nilivyolinda mpaka kule Kagera, baridi na matope. Nyingine za kweli, nyingine nilizitia chumvi. Mmoja wa wasikilizaji ni Said, askari wa jeshi la huku. Bibi yake alitoka Unguja, mwenyewe kakulia Muscat, na Kiswahili chake ni kile cha wazee. Alikuwa akija kwetu kula ugali na dagaa, akisema kwake hakuna wa kumpikia. Mwaka ule nchi jirani ilikuwa imegombana na hii ya huku, ikaifunga njia ya nchi kavu, na Said kapangwa hukohuko mpakani, Abu Samra.

Siku moja akaniambia, "Ami, mkubwa wangu nimempa habari zako. Kasema, mlete huyo mzee aone na sisi tunavyolinda."

Akaruhusiwa kuchukua wawili. Wa pili akawa Wafula, mlinzi mwenzangu tunayekaa naye, Mkenya wa Bungoma, naye aliwahi kuwa askari kwao.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tukaondoka na gari la Said. Wafula kaikosa ibada yake ya kanisani Mesaimeer, maana huku Wakristo nao husali Ijumaa, siku ya mapumziko, na alikuwa akijitetea njia nzima. "Mungu ataelewa, mzee. Border kama hii naiona lini tena?" Barabara ya Salwa imenyooka, kulia mchanga, kushoto mchanga, mara ngamia wawili watatu wamesimama kama wamesahauliwa. Nikasinzia. Nilipozinduka Said alikuwa akieleza habari ya dada yake.

Dada huyo anaolewa baada ya wiki mbili, Muscat. Baba yao kafariki, ndugu wa kiume ni Said peke yake, kwa hiyo yeye ndiye walii, yeye ndiye wa kuketi mbele ya sheikh amkabidhi dada yake kwa mume. Likizo kashapewa. Kanzu kashonesha.

"Nitalia, ami," akasema. "Nnajijua."

"Ukilia piga picha ututumie!" Wafula akacheka.

Saa mbili na kitu tukafika kwenye kizuizi cha kwanza cha jeshi. Hapo sasa nisikilizeni vizuri. Kazi yangu mie, mwaka wa tisa huu, ni geti la bohari kubwa, kukusanya simu za wageni. Na mtu wa Doha ana simu mbili: moja ya laini ya hapa, moja ya laini ya nyumbani. Mgeni akinipa moja, namtazama usoni, namwambia, "Na ya nyumbani?" Wanaona haya, wanaitoa. Nimeshamzuia hata mhandisi mmoja, akanitukana, nikaendelea kuandika kitabuni mwangu.

Kijana wa kizuizini akanyoosha sanduku. Nikatoa moja. Hakuniuliza ya pili. Ya nyumbani ilikuwa ndani ya soksi, nimeitia tangu Muaither, kwa hiyo msiseme shetani alinipitia ghafla. Nilipanga. Said akaandika kwenye kitabu chao: wageni wawili, simu mbili, akaweka sahihi yake.

Kutoka hapo Said akatutembeza mwenyewe, kifua mbele. Akatuonyesha tuta la mchanga lililopita urefu wa mtu, uzio wa waya, mnara wa kamera, mbwa wanaolala kwenye kiyoyozi (Wafula akasema hao mbwa wanatushinda mshahara). Halafu akatupandisha kwenye tuta. Barabara ya lami ilikuwa inaendelea mbele, pana, safi, na juu yake hakuna hata baiskeli. Ng'ambo kule askari wa upande wa pili kaketi kitini anakunywa chai.

"Tulikuwa tukipungiana mikono," Said akasema taratibu. "Sasa imekatazwa."

Wafula akaenda kujisaidia. Said akatupa mgongo, anautazama ule upande. Nikainama kama nafunga kiatu. Ndiyo picha mliyoiona: barabara tupu, na kisogo cha Said.

Saa saba, baada ya swala ya Ijumaa, tukalishwa wali na kuku, mkubwa wao akanipa mkono, akaniita askari mwenzake. Jioni nikiwa Muaither nikawatumia ninyi. Nikaandika, "Mzee wenu kafika pasipofikika." Mkaisambaza.

Siku ya tano picha ilikuwa imeshazunguka ikarudi Doha. Said akaitwa. Kisogo chake kinajulikana, na sahihi ni yake. Akasema wageni walikuwa wake, kosa lake. Likizo ikafutwa.

Alipokuja kwetu hakuniuliza chochote. Alimwendea Wafula. "Wewe ndiwe uliyekuwa ukiimba picha njia nzima!"

"Wallahi si mimi, bro!" Wafula, Mkristo yule, akaapa kiislamu kwa hofu.

Mie nilikuwa naosha sahani. Nikaendelea kuosha.

Alhamisi ya harusi, alasiri, Said akaja na kanzu yake mpya. Akaingia hadi chumbani kwangu. Ami yake wa Muscat atasimama badala yake, lakini sheikh anataka Said amkabidhi uwakilishi kwa simu, mbele ya mashahidi wawili Waislamu waadilifu. Mmoja kashampata, mpishi wetu.

"Wa pili nakutaka wewe, ami. Sina mzee mwingine hapa."

Nikamwambia, "Mie siwezi."

"Unaumwa?"

"Picha niliipiga mie. Simu ilikuwa kwenye soksi."

Alikaa kitako kitandani kwangu, kanzu ikakunjamana. Nilingoja anipige. Bora angenipiga. Akauliza tu, "Wafula analala chumba gani?"

Nikamwonyesha. Niliwasikia wakisemezana, Said akimwomba radhi, Wafula akipiga kelele, kisha Wafula akatoka mbio kumtafutia shahidi mwingine, akarudi na dereva mmoja wa Tanga. Wakafunga mlango. Mie nikabaki ukumbini, karibu na viatu vyao, nikimsikia Said akimtaja dada yake kwa jina kamili na jina la baba yao, sauti ikimkatika katikati, akaanza tena.

Tangu hapo haji kula kwetu. Jumatatu nilirudi getini. Mgeni wa kwanza akanipa simu moja, nikaipokea, nikashindwa kumtazama.